Natoa, Napokea

Zamani betri zilibadilishwa na watu wazima wawili waliosimama na kuitana kwa sauti, na siku hizi kazi hiyohiyo imekabidhiwa kidude cha plastiki kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, ambacho kikivuruga mambo huna hata mtu wa kumgombeza.

Mzee Honi alikigombeza hivyohivyo.

"Wewe nawe una nini?" alikiuliza, ameinama juu ya meza ya kulia chakula, miwani imemteremka hadi ncha ya pua, chuma cha kuungia nyaya kwa solda kinafuka moshi mkononi. "Nimekwambia umpokee mwenzako. Nilikwambia umuue?"

Kidude hicho, ambacho mafundi hukiita rilei na ambacho kazi yake ni kufunga na kufungua njia ya umeme bila mtu kukigusa, hakikuwa na la kujibu. Kilikuwa kimeungua. Kilikuwa cha nne kuungua tangu Jumamosi, na leo ilikuwa Jumanne, na pamoja nacho ilikuwa imekwenda fyuzi nyingine. Harufu ya plastiki iliyoiva ilitambaa mpaka jikoni.

"Umeua tena?" mkewe aliuliza kutoka huko.

"Sijaua mtu. Wameuana wenyewe."

"Haya. Ukimaliza kuzika uniondolee hizo betri mezani. Humu ndani kuna watu wamezoea kula wakiwa wanaziona sahani zao."

Jina la Honi hakuzaliwa nalo. Alipewa katika kituo cha mitambo ya simu, ambako alifanya kazi miaka ishirini na mbili katika chumba cha betri, kwa sababu ya sauti yake. Alipoita, hata mabinti waliokuwa wakiunganisha simu ghorofa ya juu walinyamaza. Shule aliiacha darasa la saba. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kutoka vitabu vya maelekezo vilivyotupwa katika kabati la kituo, kitabu mkono wa kushoto, kamusi mkono wa kulia, ukurasa mmoja kwa wiki, mpaka akafika mahali pa kumsahihisha injinia. Siku hizi mtu hutazama video ya dakika tatu kwenye simu, akatoka hapo anajiita fundi.

Chumba chenyewe hakipo tena. Pale sasa panauzwa mazulia. Lakini Mzee Honi angeweza kukichora akiwa amefumba macho: vigae vyeupe hadi kiunoni, harufu ya asidi iliyoganda kwenye meno, na safu mbili za betri za vioo, kila moja kubwa kama ndoo, hata ungeweza kuona ndani mabamba ya risasi na maji yakitoa povu polepole yalipokuwa yakichajiwa. Safu moja ililisha simu za mji mzima, nyingine ilikuwa ikishibishwa. Kila asubuhi saa nne kamili zilipokezana zamu, na hazikupokezana zenyewe. Kulikuwa na mikono miwili ya chuma, mmoja ukuta huu, mwingine ukuta wa pili, na watu wawili, kila mtu na mkono wake, wamepeana migongo.

Honi aliita, "Natoa!" Hakugusa kitu mpaka asikie nyuma yake, "Napokea!" Hapo ndipo alipovuta. Mwenzake alikuwa ameshaingiza safu mpya kabla yeye hajatoa ya zamani, kwa hiyo kwa kitambo kidogo safu zote mbili ziliubeba mji pamoja. Mtu aliyekuwa akizungumza na mama yake mbali huko hakusikia hata mkwaruzo. Miaka ishirini na mbili, bila mkwaruzo mmoja.

Huyo mwenzake waliyempa jina la Mrefu alikuwa na kasoro moja tu, nayo ilimkera Honi kila siku iendayo kwa Mungu: alikawia kuitikia. Honi akiita, kimya. Ungeweza kuhesabu hadi ishirini. Ndipo unasikia "Napokea" ya uvivu, kama mtu aliyeamshwa. Ilifika siku Honi akaandika katika daftari la zamu: "Mwenzangu anachelewa kuitikia."

Kilichomrudisha kwenye betri akiwa na miaka sabini na moja ni bintiye. Binti ni mkunga katika zahanati ya mtaa wa nne kutoka hapo, katika chumba cha kujifungulia chenye vitanda viwili na pazia moja. Umeme wa mji unakatika unavyotaka, kwa hiyo chumba kina paneli ya sola juu ya bati na betri mbili chini ya meza. Moja inalisha taa na mashine ndogo inayosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, nyingine inachajiwa. Ile ya kwanza ikichoka, mtu lazima achomoe vibanio huku avipachike kule, na mtu huyo ni mkunga, maana hakuna mwingine. Mara mbili mwezi uliopita ilimbidi amwache mama katikati ya uchungu, avue glavu, apige magoti chini ya meza akipapasa, abadilishe vibanio, anawe upya, arudi. Mara ya pili mtoto alikuwa ameshatanguliza kichwa.

Kamati ya zahanati ilikaa, ikaona hatari, ikafanya kile ambacho kamati hufanya. Iliamua chumba kifungwe kila siku jua likizama, betri zihamishiwe ofisini, na wajawazito wa jioni waende hospitali kubwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, ukilipata gari.

Binti akagoma. Aliomba wiki mbili. "Baba yangu atatengeneza kisanduku," aliwaambia. "Kitabadilisha betri chenyewe, na taa haitapepesa." Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mkuu mstaafu ambaye huongea na watu wazima kama wamechelewa paredi, alisema vizuri, Ijumaa ya wiki ya pili atakuja mwenyewe kukiona. Kikifanya kazi, chumba kinabaki wazi. Kisipofanya, betri zinaondoka siku hiyohiyo.

Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Tusimwonee Mzee Honi; tatizo la kwanza alilimaliza vizuri. Alitengeneza saketi ya kupima nguvu ya betri, ikishuka chini ya kiwango, rilei ibadilishe. Alipoiwasha, rilei ilianza kugonga kama meno ya mtu mwenye homa, tk-tk-tk-tk, huku na kule, bila kupumzika. Ilimchukua siku mbili na maneno mengi yasiyoandikika kutambua kwamba betri iliyochoka, ukiitua mzigo, hujifanya imepona. Kipimo kinapanda, saketi inadanganyika, inairudisha kazini, na ikirudi kazini inazimia tena.

"Kama wewe ulipostaafu," mkewe alimwambia. "Umepumzika wiki moja, nikakukuta juu ya bati."

Basi akaweka sharti: betri iliyotoka isirudi kazini kwa kujisikia nafuu tu, mpaka ishibe kabisa. Rilei ikatulia. Alifurahi nusu siku nzima.

Ni hili la pili lililomshinda. Angeweza kutoa betri moja kwanza, ndipo aingize ya pili. Fundi yeyote wa siku hizi angefanya hivyo akaenda zake kulala. Lakini hapo katikati pana pengo, na katika pengo hilo taa inapepesa na ile mashine ya moyo inazimika. Kuamka kwake ni dakika mbili, na inaanza kwa kukuonyesha picha ya ua. Mkunga hana haja na ua. Kwa hiyo Mzee Honi alifunga kama walivyofanya kituoni: betri mpya iingie, ndipo ya zamani itoke. Natoa, napokea. Na kila zile mbili zilipokutana, hata kwa nusu sekunde, fyuzi ilikata, waya ukapata moto, rilei ikaungua.

"Waya wa siku hizi," alisema. "Nje plastiki, ndani nywele tatu."

Akanunua waya mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Fyuzi ikakata kwa kishindo zaidi.

Mchana huo mkwe wake aliingia, mume wa binti, muuza simu, kijana mwenye adabu na viatu vyeupe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Usiguse."

"Sigusi. Lakini, baba, hivi vitu vipo vimekamilika. Unaagiza tu. Kina skrini, na betri ikiisha kinakuletea ujumbe kwenye simu."

"Taa ikizimika usoni pangu sitajua, mpaka niandikiwe barua?"

"Ni kwa urahisi tu, baba."

"Kinafika baada ya muda gani?"

"Wiki sita. Forodha wasipokishika."

"Basi nenda ukawaambie wajawazito wasubiri wiki sita."

Mkwe alicheka, kisha akaona si mzaha, akajifanya anakohoa. Mama mkwe wake alimpa sahani, akala amesimama.

Alipoondoka, mkewe Mzee Honi alikuja akijifuta mikono kwa kanga, akaitazama meza iliyojaa nyaya na rilei zilizokufa.

"Kamuulize Mrefu," alisema.

Mzee Honi aliweka chuma cha solda chini taratibu sana. "Umesema nani?"

"Umesikia. Sauti yako kubwa, masikio hujambo."

"Mimi nimuulize yule? Nimuulize nini? Jinsi ya kukawia?"

Kituo kilipofungwa, kila fundi aliulizwa kama yuko tayari kufundishwa mitambo mipya. Honi alisema hapana. Mrefu alisema ndiyo, na karatasi ya kwanza aliyotia saini katika kazi yake mpya ilikuwa ya kuruhusu betri za vioo zivunjwe, risasi yake ikayeyushwe. Honi alimngoja langoni, akamwita msaliti kwa ile sauti, mbele ya wafanyakazi wote na muuza karanga wa ng'ambo ya barabara. Mrefu alipita akaenda zake. Hiyo ilikuwa miaka kumi na minane iliyopita. Kati ya nyumba zao kuna mitaa miwili tu, na Mzee Honi anazijua njia tatu za kwenda sokoni bila kupita mlango ule.

"Nitakiweza mwenyewe," alisema.

"Sawa," alisema mkewe. "Nitawaambia wanaojifungua."

Jumatano mchana alikibeba kisanduku hadi zahanati. Alijishawishi kwamba kosa lilikuwa kwenye betri zake kuukuu za nyumbani, na kwamba zile za zahanati, zilizo nzuri zaidi, zingeelewana. Alipiga magoti chini ya meza, akafunga waya. Nyuma ya pazia alikuwapo mama mmoja mwenye tumbo kubwa na mdomo usiopumzika, aliyekuja na uchungu wa uongo na kukataa kurudishwa nyumbani.

"Mkunga, huyo babu anafanya nini huko chini?"

"Ni baba yangu. Anatengeneza taa."

"Mbona anaongea na meza?"

Binti aliwasha taa zote ili kuichosha betri upesi. Mita ya nguvu ya betri ilishuka. Rilei ikagonga mara moja, tk, kukawa na mwanga wa buluu ndani ya kisanduku, mlio kama wa kofi, na chumba kikazimika.

"Sasa ndiyo nizae gizani?" sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Ni mchana, mama. Dirisha liko wazi."

"Dirisha halimulikii huku niliko mimi."

Mzee Honi alibaki kwenye magoti yake na waya wa moto mkononi. Alingoja bintiye aseme kitu. Angesema, angejibiwa, maneno yalikuwa tayari, juu ya waya, juu ya viwanda, juu ya dunia. Binti alivua glavu, akapiga magoti kando ya baba yake, akasukuma kisanduku pembeni kwa upole kama mtu anayesogeza mtoto aliyelala njiani, akachomoa vibanio viwili, akavipachika kwenye betri ya pili. Mikono yake ilijua njia bila macho. Kisha akainuka, akaenda bombani, akanawa hadi viwikoni, mkono mmoja, mkono wa pili, katikati ya vidole, chini ya kucha. Mzee Honi alihesabu. Ilimchukua karibu dakika tatu kurudi nyuma ya pazia na glavu mpya.

Dakika tatu. Na huyu mama bado hakuwa na mtoto mlangoni.

Alhamisi asubuhi Mzee Honi alitoka na kisanduku kwenye kikapu, akashika njia ya sokoni ambayo hakuwa ameipita kwa miaka kumi na minane.

Mke wa Mrefu ndiye aliyefungua. Alimtazama juu hadi chini, akashika kiuno.

"Shemeji! Leo mvua itanyesha."

"Mwenyewe yupo?"

"Yupo, atakwenda wapi? Pita, pita, angalia usijikwae."

Kweli kulikuwa na cha kujikwaa. Sebule ilikuwa imejaa maboksi yaliyofungwa kwa kamba, magodoro yamesimamishwa ukutani, mapazia yameshushwa. Katikati ya hayo, juu ya kiti pekee kilichobaki, alikaa Mrefu, ambaye alikuwa amefupika. Mgongo ulimpinda, shingo ikatangulia mbele. Lakini miguu ilikuwa ileile, ikavuka nusu ya chumba.

"Mnahama?" Mzee Honi aliuliza, bila salamu.

"Kesho. Kwa mwanangu, kule mbali. Anasema hatuwezi kukaa wenyewe."

"Hamkuniambia."

"Tungekwambia kwa njia gani? Ukiniona unavuka barabara."

Mzee Honi alikitoa kisanduku kikapuni na kukiweka juu ya boksi. Alieleza kila kitu, kwa hasira, kana kwamba Mrefu ndiye aliyekiunguza: betri mpya inaingia, ya zamani inatoka, vilevile kama kituoni, na kila mara moto. "Miaka ishirini na mbili tumefanya hivi, hata mkwaruzo hakuna. Leo kwa betri mbili tu, balaa. Niambie kama si waya wa siku hizi."

Mrefu alikitazama kisanduku. Akanyamaza. Mzee Honi alihesabu, kwa mazoea, akafika kumi na saba.

"Nikuulize," alisema Mrefu mwishowe. "Ulipokuwa ukiita, ukangoja, ulidhani mimi nafanya nini?"

"Nilidhani unawaza mambo yako."

Mke wa Mrefu alicheka nyuma ya maboksi. Mrefu hakucheka.

"Pale kwangu kulikuwa na koili kubwa ya waya, tuliiita utumbo. Ukisema 'Natoa', mimi kwanza naziunganisha zile safu kupitia ule utumbo, zisikutane uso kwa uso. Moja imeshiba, nyingine ina njaa. Ukizikutanisha hivihivi, iliyoshiba inaimwagikia yenye njaa kwa mkupuo mmoja, na hakuna waya wa zamani wala wa sasa utakaovumilia. Basi zinamwagiana kidogokidogo, naangalia sindano. Imeruka. Inashuka. Inashuka. Ikitulia, ndipo naingiza mkono, ndipo nakuitikia."

"Haikuandikwa kitabuni."

"Iliandikwa. Ilibandikwa ukutani kwangu."

"Sikuwahi kuiona."

"Ungegeuka ungeiona."

Mzee Honi alikaa juu ya boksi, likabonyea. Alikuwa amevisoma vitabu vyote vya kabati lile, vingine mara tatu. Karatasi moja ilikuwa mita nne nyuma ya kisogo chake.

"Kisanduku chako kina wa kuita," alisema Mrefu. "Hakina wa kusubiri."

"Niliandika kwenye daftari," Mzee Honi alisema baadaye, akiutazama ukuta. "Kwamba unachelewa."

"Najua. Mara mbili."

"Mara moja."

"Mara mbili. Ya pili kwa wino mwekundu."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unaita vizuri." Mrefu aligeuka. "Mama, lile boksi la vyuma liko wapi?"

"Lipi? Nimelifunga kwa kamba jana, tena kwa mkono wangu!"

"Lifungue."

"Wanaume wawili mmekaa, mgongo ni wangu?"

Alilifungua hata hivyo, akilalamika kwa kila fundo. Chini kabisa, ndani ya soksi, Mrefu alitoa vipande viwili vya chuma, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba, na parafujo kitakoni. Zilikuwa daiodi, na Mzee Honi alizijua. Alizitumia kwenye redio, ndogo kama punje ya mchele. Kazi yake ni moja tu, kuruhusu umeme kupita upande mmoja na kuuzuia kurudi. Hakuwahi kufikiria ukubwa huu, wala kazi hii.

"Moja kwa kila betri, kwenye njia ya kuendea taa," alisema Mrefu. "Kila betri itaweza kuipa taa, lakini haitaweza kumwagikia mwenzake. Hapo zikutane zinavyotaka. Hazihitaji sindano wala mtu wa kusubiri. Zitapata moto, uzifunge kwenye alumini."

"Umezitoa wapi?"

"Kituoni. Kwenye chaja. Siku ile niliyotia saini." Akamwekea mkononi. "Vioo nisingeweza kuvibeba."

Mzee Honi alizitia mfukoni, akasema, "Solda yako ilikuwa nzuri siku zote," na akaondoka kabla halijamponyoka neno jingine.

Nyumbani alikosa alumini. Alichukua mfuniko wa sufuria kubwa, akautoboa matundu mawili.

"Huo si mfuniko wangu?" aliuliza mkewe.

"Ulikuwa."

"Na sufuria nitaifunika na nini?"

"Na sahani. Si ulisema unataka kuziona?"

Ijumaa saa tano mwenyekiti wa kamati alifika na kalamu mbili mfukoni. Alisimama upande wa mlango, pazia likiwa limevutwa, maana yule mama wa Jumatano alikuwa amerudi, na safari hii uchungu haukuwa wa uongo. Mashine ya moyo ilisikika kutoka kitandani, du-du-du-du, haraka kama farasi mdogo.

"Huyo babu amerudi?" sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Amerudi, mama. Vuta pumzi."

"Mwambie akizima taa nami nitamzimisha!"

"Eleza," mwenyekiti alimwambia Mzee Honi, "kwa maneno yako mwenyewe."

"Nitaeleza baadaye. Tazama taa."

Nje gari lilikuwa limesimama, injini inaunguruma, magodoro juu ya paa. Mrefu aliteremka polepole, mkewe akimshika kiwiko na kumlaumu kwamba safari ni ndefu na mwana wao ana haraka. Alikuja hadi kizingitini, hakuingia. Mzee Honi alimwona, akageuza uso kwenye mita. Kumi na moja nukta nane. Nukta saba. Kisanduku kilikuwa chini ya meza na mfuniko wa sufuria umekaa juu yake kama kofia. Nukta sita.

Hakukusudia kusema. Alitaka kunong'ona tu, lakini sauti ile haikujua kunong'ona.

"Natoa!"

Mwenyekiti alishtuka, kalamu ikamwanguka. Chini ya meza rilei iligonga, tk, na baada yake nyingine, tk. Taa haikupepesa. Du-du-du-du, ilisema mashine ya moyo, bila kukosa pigo. Kisanduku kilikuwa kimemaliza kazi yake na kutulia. Kimya kikapita, kirefu, cha kukera, kama vile vya zamani. Ndipo sauti ya uvivu ikatoka mlangoni.

"Napokea."

"Je, kitabadilisha saa ngapi?" aliuliza mwenyekiti, akiinua kalamu yake.

"Kimeshabadilisha."

"Sijaona kitu."

"Ndiyo," alisema Mzee Honi.

Mwenyekiti alitaka kirudie. Mzee Honi akakilazimisha kurudia mara tatu bila kungoja betri ishibe, naye mwenyekiti akainama chini ya meza na suruali yake nzuri kuhakikisha hakuna mtu aliyejificha huko. Mwishowe aliandika kwenye karatasi kwamba chumba kibaki wazi saa zote, na betri zibaki zilipo. Binti alisoma juu ya bega lake, kisha akamtazama baba yake kwa sekunde moja tu, maana nyuma ya pazia alikuwa anaitwa, na safari hii alikwenda bila kuvua glavu.

Mrefu alikuwa ameinama kwenye kisanduku, uso karibu na waya, pua inagusa.

"Solda yako bado mbaya," alisema. "Kama kamasi."

"Nenda zako. Mwanao anapiga honi."

"Nimesikia. Nilidhani ni wewe."

Hawakupeana mkono, mmoja alikuwa na mkewe mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, mwingine ameshika mita. Mke wa Mrefu alimwambia shemeji yake amsalimie mkewe, na amwambie amemwachia kinu nyuma ya nyumba, akakichukue kabla hakijaota miguu. Mzee Honi aliwafuata hadi barabarani akiwa na mita yake. Walikaa kiti cha nyuma, katikati ya maboksi, Mrefu ameinamisha kichwa kwa sababu ya paa, na gari likaondoka. Kupitia kioo aliona visogo vyao viwili tu.

Kwenye kona dereva alianza kukata kushoto, na taa ya ishara ya kushoto haikuwaka.

"Fyuzi!" Mzee Honi alipaza sauti ile iliyompa jina, hadi watu wa dukani wakatoka nje. "Fyuzi ya kushoto! Simamisha!"

Mkono mrefu ulitoka dirishani, ukapunga taratibu, kama mtu anayeitikia kwaheri, na gari likapinda. Hakuwaona tena.